Paneli Tupu

Tekla alipotoka shule alasiri, hakuwa na haja ya kuuliza kama baba yake yupo nyumbani. Alimsikia tangu kwenye kona ya mtaa wao wa Sombetini. Kama si msumeno wa umeme uliokuwa ukilia, basi ni nyundo, na kama si nyundo, basi ni sauti ya baba mwenyewe akimfokea mtu.

Fundi Ludovick alikuwa seremala hodari. Vitanda na makabati yake yalijulikana mpaka Kikatiti, ambako mkewe, Mama Tekla, alikuwa akiuza mchele siku za gulio. Lakini mkono wa fundi ulikuwa mwepesi wa kupiga. Muhula uliopita, Tekla alipochanganya skrubu fupi na ndefu, alimchapa kwa ubao mgongoni mpaka ubao ukakatika vipande viwili. Mama alipojitia katikati kumwombea, alisukumwa akajigonga kichwa mlangoni. Tangu siku hiyo Tekla, msichana wa miaka kumi na miwili, alijifunza kutembea karakanani kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyefungwa kwa kamba mbovu.

Mwezi ule karakana ilikuwa na kazi ya aina yake. Daktari Elifuraha, mama aliyetibu mifugo katika vijiji vya magharibi mwa Mlima Meru, alikuwa amechoka kulala kwenye kiti cha gari lake kila alipokwenda huko kwa siku tatu au nne. Akaagiza tela la kuvutwa na gari, lenye kitanda, kabati la dawa, na kuta zisizopitisha baridi ya usiku wala joto la mchana. Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu.

Aliyemweleza Tekla namna kuta hizo zinavyotengenezwa ni Lemburis, kijana wa Oldonyosambu aliyefanya kazi na baba yake kwa mwaka wa pili sasa.

"Unalaza plaiwudi moja chini," alimwambia. "Juu yake unapigilia fremu ya mbao za saiprasi, inakuwa vyumba vyumba. Ndani ya kila chumba unapanga hili povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya. Halafu plaiwudi ya pili inafunika. Hiyo ndiyo paneli."

"Kama sambusa," alisema Tekla.

Lemburis alicheka. "Kabisa. Na nyama yake ni povu. Ukimuuzia mtu sambusa isiyo na nyama, si atakurushia usoni?"

Ijumaa ile Tekla alimkuta Lemburis peke yake. Baba alikuwa kwa fundi wa kuchomelea, akisimamia chuma cha chini cha tela. Mezani ililala paneli ya mwisho, ile ya mlango wa nyuma, ikiwa na fremu tu.

"Shikamoo, kaka Lemburis."

"Marahaba. Vua sare, unisaidie. Mimi nafuata skrubu dukani. Wewe paka gundi hii nyeupe, panga povu, kisha weka tofali juu ya kila kipande lisisogee. Ukae hapo mpaka lishike. Usifunike, nitakuja kufunika mwenyewe. Na ile gundi ya njano ya kopo usiiguse, ni ya zulia."

"Sawa, kaka."

Lemburis akaondoka. Tekla alikuwa amekwisha kupanga kipande cha kwanza pale rafiki yake Hope alipochungulia getini, ameshika mpira wa netiboli.

"Tekla! Wasichana wa Ngarenaro wameshafika uwanjani. Tunakungoja wewe tu."

"Gundi haijashika. Nikiondoka litasogea."

"Basi tutafungwa," alisema Hope, akaondoka akikimbia.

Tekla aliitazama gundi nyeupe. Ilikuwa bado majimaji kama uji. Akaitazama ile ya njano. Mara ngapi alimwona fundi viatu wa pale mtaani akiipaka kwenye soli, ikashika kabla mteja hajamaliza kunywa chai? Alichukua kopo, akafungua. Harufu kali ikampanda puani. Aliondoa kile kipande cha kwanza, akafuta gundi nyeupe kwa kitambaa, akamwaga ile ya njano katika vyumba vyote na kuipaka haraka haraka, kisha akabana povu lote mahali pake.

Mwanzoni hakuona kitu. Halafu akasikia mlio mdogo, kama wa mafuta kwenye kikaango. Povu lilianza kudidimia. Lilitoboka matundu, likajikunja, likayeyuka kama sukari katika chai ya moto. Tekla alijaribu kulinasua, likamng'ang'ania vidoleni kama ulimbo. Kufumba na kufumbua, vile vipande vinene na vyeupe vilikuwa vimebaki utando wa njano chini ya fremu.

Alikumbuka ubao uliokatikia mgongoni mwake. Akanyanyua plaiwudi ya pili, akafunika, akapigilia misumari midogo pembeni, akapanga matofali juu. Alirudisha kopo mahali pake, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akakimbilia uwanjani. Walifungwa. Hata hakujua kwa magoli mangapi.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, mama alikuwa ameshaondoka kwenda gulioni. Fundi Ludovick alitoa matofali juu ya paneli ya mlango, akainyanyua. Plaiwudi ikabonyea chini ya vidole vyake. Akaigonga kwa kidole. Ikalia kama ngoma.

"Lemburis!"

Lemburis alikuwa akinywa uji. Alikiweka kikombe chini.

"Naam, fundi."

"Povu liko wapi?"

"Povu gani, fundi?"

"Unaniuliza mimi? Paneli hii ni tupu! Umefunga mbao mbili bila kitu ndani, povu umelipeleka wapi? Umemuuzia nani?"

"Fundi, mimi sikuifunga hii. Nilirudi na skrubu nikaikuta imefungwa, nikadhani umepita ukaifunga wewe."

Fundi Ludovick aligeuka. Tekla alikuwa amesimama na ufagio.

"Tekla. Jana nani aliifunga paneli hii?"

Aliuona mkono wa baba yake. Ulikuwa umeshika kipande cha saiprasi, na vifundo vya vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe. Ulimi wa Tekla ukasema kabla akili haijauliza.

"Lemburis."

"Na povu? Ulimwona akilitoa?"

Lemburis alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, bali kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Tekla aliinamisha kichwa, akakitikisa kukubali.

Kofi la kwanza lilimpata Lemburis shavuni, la pili masikioni. Kile kipande cha mbao kilifuata, kikampata begani. Lemburis hakurudisha. Aliudaka mkono wa fundi, akausukuma pembeni, akatoka getini kwa hatua ndefu, damu ikimchuruzika puani.

"Rudi hapa!" alifoka Fundi Ludovick akimfuata. Kisha, hasira ikiwa imemziba macho, alipaza sauti mpaka nyumba ya nne ikasikia: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Neno lile mtaani si neno la kuchezewa. Wiki mbili zilizopita wezi walikuwa wamepita usiku, wakaiba betri za bodaboda tatu. Gadiel, mmoja wa walioibiwa, alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake pale kijiweni. Hakuuliza ni mwizi wa nini. Aliruka, akamkata Lemburis mtama, wenzake wakamrukia aliyeanguka.

Walimpiga kwa helmeti. Walimpiga kwa mateke. Mtu mmoja alikuja na mnyororo wa pikipiki, mwingine alikuja na jiwe, na mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya aliweka kikapu chini, akaokota lake. Lemburis alijikunja akikinga kichwa, na Tekla, aliyekuwa getini, aliusikia mkono wake ukivunjika. Ulilia kama kijiti kikavu.

"Basi! Jamani, basi!" alipiga kelele Fundi Ludovick. Hasira ilikuwa imemtoka ghafla, uso umempauka. Alijaribu kuwavuta watu mashati. "Mwacheni, ni kijana wangu! Nilikuwa na hasira tu!"

Lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Kiwiko cha mtu kilimpata mdomoni, akaanguka chali katikati ya barabara. Nyuma ya kundi sauti ikaita, "Leteni tairi! Na petroli!"

Tekla alitaka kukimbilia ndani, ajifungie, azibe masikio. Hata aligeuka. Hapo akaiona paneli, imeegemezwa mezani. Hakujiuliza mara mbili. Aliikamata kwa pembe, akaiburuta. Ilikuwa nyepesi, plaiwudi na fremu tu. Akapenya nayo katikati ya miguu ya watu, akaisimamisha mbele ya Lemburis kama mlango, yeye mwenyewe akasimama pembeni akiishikilia, uso kwa watu.

Jiwe lililokwisha kurushwa halirudi mkononi. Moja liligonga paneli, ikalia. Jingine likampata Tekla juu ya jicho, akaona nyota. Damu ilimshuka usoni, ya moto. Gadiel, ambaye kwa ghadhabu hakuona ni nani, aliipiga paneli teke kwa buti. Plaiwudi ikapasuka na mguu ukazama ndani mpaka kwenye kifundo. Alipouvuta, ulitoka umeviringwa nyuzi nyuzi za kitu cha njano kinachonata.

"Nini hiki?" aliuliza akihema.

"Ni povu!" Tekla alipiga kelele. Sauti ilimtoka mpaka koo likauma. "Ndilo povu lenyewe! Hakuiba! Niliyeyusha mimi, kwa gundi ya zulia. Mimi ndiye niliyefunga. Nilidanganya. Nilidanganya mimi!"

Alishika plaiwudi iliyopasuka, akaichana kwa mikono huku vibanzi vikimchoma viganja. Watu wakaona. Utando wa njano ulikuwa umeganda chini ya fremu, na vijipande vyeupe vimenasa humo kama makombo. Harufu ya gundi ilikuwa bado nzito. Mwanamke wa nyanya alilitazama jiwe alilolishika, kisha akamtazama mtoto mwenye damu usoni. Akaliachia. Wa nyuma walianza kurudi nyuma mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu.

Wakati huo gari la Daktari Elifuraha lilikuwa limesimama. Alikuwa amekuja kuangalia tela lake. Alishuka akikimbia, akapiga magoti vumbini.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe," alimwambia Lemburis, "lakini mfupa ni mfupa. Vumilia, mwanangu."

Alichomoa mbao mbili za saiprasi kutoka kwenye ile paneli iliyopasuka, akaufunga mkono wa Lemburis katikati yake kwa kanga yake mwenyewe. Kisha akasimama, akawatazama Gadiel na wenzake.

"Asiondoke mtu. Nawafahamu kwa sura, na pikipiki zenu nimezisoma namba. Tunaanzia polisi kuchukua fomu ya matibabu, halafu hospitali. Nanyi mtakuja kueleza mlichokifanya."

"Na mimi nitaeleza," alisema Fundi Ludovick, mdomo umemvimba. "Mimi ndiye niliyeanza."

Hospitalini, Tekla alishonwa nyuzi nne. Lemburis aliingizwa wodini, mkono umevunjika mahali pawili, ubavu mmoja una ufa, jicho moja limeziba kabisa. Tekla na baba yake waliketi kwenye benchi ukumbini.

"Nilikuuliza," baba alisema hatimaye. "Ukaniambia ulimwona."

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa nini?"

Tekla aliangalia mkono wa baba yake uliokuwa juu ya goti. Fundi Ludovick aliyafuata macho ya mwanawe, akauona mkono huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauingiza taratibu katika mfuko wa koti, na haukutoka tena mpaka walipoitwa ndani.

Jumapili alifika mama yake Lemburis kutoka Oldonyosambu. Jina lake Naisiae, mwanamke mrefu aliyezungumza Kiswahili polepole, akichagua maneno. Tekla alimwinamia kwa heshima, akangoja. Naisiae alikaa kitambo bila kumgusa. Mwishowe aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kama wazee wa kwao wanavyowasalimu watoto, lakini kiganja hicho kilikuwa kizito.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Umeshamwomba Lemburis?"

"Nimemwomba. Amesema bado ana maumivu, nimwache kwanza."

"Ana haki. Na mimi sitaki msamaha wa hapa wodini, ambao wanausikia wagonjwa tu." Alimgeukia Fundi Ludovick. "Wewe ulimwita mwanangu mwizi wapi?"

"Barabarani, mama."

"Basi utamsafisha barabarani. Wewe na huyu mtoto. Mlango kwa mlango. Nami nitakuwa nyuma yenu, nisikie."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi iliyofuata walianza tangu asubuhi. Mama Tekla, ambaye siku hiyo hakwenda gulioni, aliongozana nao. Walipita duka la vifaa, kwa fundi viatu, kwa mashine ya kusaga, kwa muuza nyanya. Kila mahali Tekla alisimama mbele, plasta juu ya jicho, akasema maneno yaleyale: "Lemburis hakuiba. Mimi niliharibu povu, nikamsingizia." Na baba yake akaongeza: "Na mimi niliita mwizi bila kuchunguza." Mara ya kwanza Tekla alilia mpaka hakueleweka. Wapo waliowaambia pole. Wapo waliocheka. Yule mwanamke wa nyanya alifunga kibanda alipowaona wanakuja, nao wakasimama nje, wakasema vilevile, mpaka aliposukuma mlango na kutoka akifuta machozi.

Kijiweni walimkuta Gadiel. Polisi walikuwa wamemwachia kwa dhamana, kesi yake ikingoja kusikilizwa. Hakuthubutu kuinua macho.

"Mama," alimwambia Naisiae, "mimi nilisikia neno mwizi, nikakumbuka betri yangu."

"Ulikumbuka betri," alijibu Naisiae. "Ukasahau mtu."

Walipomaliza mtaa mzima, jua lilikuwa limepanda utosini. Naisiae aliketi juu ya rundo la mbao pale karakanani, akamwita Tekla na baba yake wakae mbele yake.

"Sina shule," alisema, "kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Tekla, ulipoharibu kazi, kosa lako lilikuwa dogo. Povu linanunuliwa. Ulitaka kulificha kosa, likakuzidi. Ulisema neno moja tu, jina la mwanangu, na neno hilo likawa helmeti, likawa mnyororo, likawa mawe. Siku nyingine ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Uchungu wa kusema ukweli ni wa saa moja. Uongo, mwingine ndiye anayevunjwa mkono kwa ajili yako."

Tekla aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya vumbi la mbao.

"Na wewe, fundi," Naisiae aliendelea, "usidhani maneno haya ni ya mtoto peke yake. Mtoto anayeuogopa mkono wa baba yake hujifunza kudanganya kabla hajajifunza kusoma. Uongo wake, wewe uliulea. Ukitaka akuambie kweli, mpe mahali pa kuisemea."

"Nimesikia, mama," alisema Fundi Ludovick. "Nimesikia."

Kazi ya tela ilisimama wiki sita, na Daktari Elifuraha hakulalamika hata siku moja. Wiki ya saba Lemburis alirudi kazini, mkono umenyooka ila umekonda. Kabla hajashika chombo chochote, aliweka sharti mbele ya mama yake, Mama Tekla na daktari: katika karakana ile, mtu asipigwe tena. Fundi akakubali, wakapeana mikono. Kwa Tekla alikuwa bado na maneno machache, ya kazi tu.

Alasiri moja Tekla alikuwa akikata povu jipya kwa ajili ya mlango wa nyuma. Alilipima vizuri, lakini kisu kikateleza, kipande kikapasuka kati kwa kati. Alikitazama. Kisha akakibeba, nusu huku na nusu huku, akaenda nacho mpaka pale baba yake na Lemburis walipokuwa wakifunga magurudumu.

"Baba, nimeharibu hiki. Kisu kimeniteleza."

Mkono wa Fundi Ludovick uliinuka kidogo, kwa mazoea ya miaka mingi. Ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukachukua vile vipande viwili.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. "Kalete kingine, tupime pamoja."

Lemburis alijifuta grisi, akasogea kumpa nafasi, akamwekea Tekla kibao cha kukalia karibu yake.

"Njoo na kisu pia," alisema. "Nikuonyeshe kinavyoshikwa, mdogo wangu."